Maua Yanayojua Kwao

Mama Mkubwa alimwaga shanga za njano juu ya kitambaa kizito, kile kinachozizuia zisiviringike hadi chini ya kabati, akaanza kuzichambua kwa ncha ya sindano. Zenye tundu jembamba alizisukuma kushoto. Zenye ubavu uliobonyea alizisukuma kushoto zaidi, kwa dharau kidogo. Zilizokuwa sawasawa zilibaki karibu na mkono wake. Dirishani, ndani ya glasi ya maji, lilisimama ua la alizeti alilolikata asubuhi hiyo nyuma ya nyumba, na juu yake bado alitembea mdudu mmoja ambaye hakuna aliyemwarifu kwamba amehamishwa.

Hakuwahi kutunga ua ambalo hakuwa nalo mezani. Jani likiwa na tundu lililotafunwa na kiwavi, alilitunga pamoja na tundu lake, mahali palepale. Konokono alimweka kwenye kisahani akamsubiri atoe pembe, hata kama asubuhi nzima ingepita, kwa sababu konokono aliyejificha, alisema, ni jiwe tu. Wateja walilisifu tundu la kiwavi wakidhani ni ubunifu. Kumbe yeye alikuwa ananakili alichokiona, basi.

Alipomaliza kuchambua alichukua uzi, akautia mdomoni, akaulowesha kwa mate, akaubana ncha kwa vidole na kuupenyeza kwenye tundu la sindano. Alifanya hivyo kwa kila uzi. Mafundi wengine hutumia nta. Mama Mkubwa alisema nta inatia shanga ukungu, na kwamba mama yake alitumia mate, na maneno yakaishia hapo.

Chumba chake kilikuwa uani, mlango ukitazamana na jiko. Nyumba ya mbele ilikuwa ya mdogo wake, ambaye mtaa mzima ulimwita Madamu kwa sababu ya duka lake la mapambo, viatu vyake, na namna alivyojua kusimama mlangoni. Humo walikaa Madamu, mumewe aliyekuwa fundi wa miwani na mtu wa maneno machache, na Binti, aliyekuwa mwaka wa mwisho wa shule. Jina la Mama Mkubwa lilitoka kwa huyo Binti. Ndivyo mtoto anavyomwita dada mkubwa wa mama yake, na nyumba nzima ikafuata.

Binti alizaliwa na Mama Mkubwa. Jambo hili lilijulikana kwa watu wazima wote wa nyumba ile, na halikujulikana kwa Binti. Baba yake alikuwa ameaga kwamba anakwenda kutafuta kazi, na inaonekana bado anaitafuta. Madamu na fundi wa miwani walikuwa na vyumba vingi na hawakuwa na mtoto. "Akae kwangu kwa muda, Dada, mpaka ukae sawa," Madamu alisema, na alisema kwa upendo, hilo lazima likubaliwe. Kisha mtoto akaanza kuongea, akamwangalia Madamu akasema "mama", na hakuna aliyemsahihisha. Siku ya pili ilikuwa vigumu zaidi kumsahihisha, na baada ya mwezi ingeonekana utovu wa adabu.

Mama Mkubwa alihamia chumba cha uani ili awe karibu. Madamu aliahidi, mbele ya mama yao aliyekuwa bado hai, kwamba siku Binti atakapomaliza shule atamweleza mwenyewe, kwa mdomo wake. Mama Mkubwa naye aliahidi kunyamaza mpaka siku hiyo. Mama yao aliridhika. Alikuwa mtu wa kuridhika na jambo lolote lililopita bila kelele.

Tangu akiwa mchanga, Binti alilala akielekea uani. Madamu alimlaza akitazama mlango, asubuhi akamkuta anatazama uani. Akakigeuza kitanda, mtoto akageuka ndani ya kitanda. Akamhamishia chumba kingine, mtoto akaamka kichwa kikiwa upande wa miguu na shavu likiwa ukutani. Ukuta huo, ukiuvuka, kuna kibaraza, na ukivuka kibaraza kuna jiko, na ukivuka jiko ndiyo unafika kwa Mama Mkubwa. Fundi wa miwani alisema watoto hujigeuza. Mwishowe walikiweka kitanda chini ya dirisha la uani, ikaonekana kwamba mtoto anapenda hewa, na hivyo ndivyo wageni walivyoambiwa. Alipokua aliketi mezani upandeupande, na viatu vyake viliisha soli upande mmoja. Fundi wa viatu alishazoea, akawa anautia raba upande huo kabla hajaambiwa.

Habari ya maua ililetwa na mke wa daktari, mteja wa siku nyingi, aliyeingia dukani akiwa na ua la alizeti la shanga kwenye gauni.

"Madamu, hili ua lako lina kichwa kigumu," alisema. "Nalivaa nyumbani linatazama mbele. Nikifika harusini linatazama bega. Nikihamia meza nyingine linatazama bega la pili."

Madamu alisema pini imelegea. Fundi wa miwani aliitwa, akaja na bisibisi yake ndogo kabisa, akaikaza. Ua likageuka likatazama uani. Alilibandika kwenye shati lake na kuizunguka nyumba polepole, mikono nyuma, na kila kona alipofika ua lilijigeuza kidogo. Mama Mkubwa alipotoka kumwaga maji, lilimfuata mpaka kwenye mfereji na kumrudisha mpaka mlangoni.

"Linamtazama shemeji," alisema aliporudi dukani, akaomba chai.

"Alizeti si ndivyo ilivyo," alisema mke wa daktari. "Hutazama kinachoiotesha." Akalirudisha ua lake kifuani, akaenda zake, na ua likaenda likitazama nyuma.

Baada ya hapo kila mtu alikumbuka la kwake. Konokono wa hereni walielekeza pembe upande uleule. Kereng'ende waligeuza vichwa tu, mabawa yakabaki yalipo. Majani yaliinamisha ncha. Kumbe yote yalikuwa yakifanya hivyo miaka yote, isipokuwa wanawake hawakuwa wamewahi kukaa pamoja wakalinganisha. Hakuna aliyerudisha kitu. Mke wa dereva wa teksi alisema lake linamfaa sana, maana akipotea mjini analitazama na kujua nyumbani ni upande gani.

Madamu hakushtushwa na maua kugeuka. Alichokuwa hakipendi ni yanakogeukia. Juu ya mlango wa duka palikuwa na kibao kilichosema Kazi ya Mikono ya Madamu, na sasa alisimama chini ya kibao hicho, shingoni bustani nzima ya shanga, na bustani yote imempa kisogo mteja.

"Dada, labda ni haya mate," alisema akiwa mlangoni pa chumba cha uani. "Hebu jaribu maji."

Mama Mkubwa alijaribu maji. Alichota bakuli bombani, akachovya humo kila uzi, akatunga maua mazuri kama kawaida yake. Maua hayo yaligeukia bomba lolote lililokuwa karibu. Mwanamke mmoja alikaa sherehe nzima ua lake likitazama mlango wa choo, na jirani zake mezani wakawa wanamuuliza kwa upole kama tumbo li salama. Madamu alimwambia dada yake arudie mate, kisha akakibadilisha kibao. Kipya kilisema Maua ya Madamu: Yanajua Kwao. Watu walikipenda sana.

Akaja mpiga picha wa gazeti, kwa sababu Madamu alikuwa amechaguliwa fundi bora wa mapambo. Aliweka taa, akamsimamisha katikati ya duka, akainama kwenye kamera, akainuka.

"Maua yanaonyesha mashavu," alisema. "Nani kayatunga?"

"Mimi," alisema Madamu.

Mpiga picha aliyatazama maua, kisha akautazama upande yanakotazama. Alikuwa amepiga picha familia nyingi, na alijua mengi kuliko aliyouliza. "Basi na huyo aliyeko uani aje asimame nyuma yangu," alisema, kwa sauti ya mtu anayeomba pazia lifungwe.

Mama Mkubwa aliletwa, uzi ungali mdomoni. Alisimama nyuma ya bega la mpiga picha, na maua yote, na konokono wote, na kereng'ende mmoja wa bluu aliyekuwa kwenye nywele za Madamu, wakatazama kamera. "Safi," alisema mpiga picha. Picha ilitoka gazetini, nzuri ajabu, na chini yake jina la Madamu.

Iliuma. Mama Mkubwa hakujidanganya kwamba haikuuma. Alilibandika gazeti ndani ya mlango wa kabati, asije akaitwa mwenye kijicho, akarudi kwenye kazi yake. Kwamba maua ni ya Madamu, hilo aliliachia, kama alivyoachia sebule na meza ya mbele. Kitu kimoja tu hakukiachia, nacho kilikuwa kinakaribia. Siku nyingine alifikiri kwamba maua yamekuja kumsaidia. Yakishasema hayo yote mbele za watu, alijiambia, mdogo wangu atabakiwa na kazi ndogo tu ya kumalizia.

Kwa ajili ya siku ya Binti kumaliza shule alitunga alizeti moja kubwa kuliko zote. Aliihesabu tena na tena mistari ya mbegu katikati ya ua halisi, namna inavyojizungusha, akafumua na kurudia pale alipokosea. Mdudu naye hakumsahau. Alimweka kwenye petali ya chini, ushanga mmoja mweusi, mahali ambapo hakuna ambaye angemwona isipokuwa mwenye ua.

Asubuhi ya siku hiyo dada wawili walikutana jikoni.

"Leo amemaliza," alisema Mama Mkubwa.

"Najua, Dada."

"Uliahidi. Mama alikuwa amekaa hapo hapo ulipo."

"Kwani nimesema nimesahau? Nitamwambia. Acha kwanza tupige picha, asije akatoka na macho mekundu."

"Ukishindwa, nitamwambia mimi."

Madamu aliliweka birika chini taratibu. "Atakuuliza kwa nini ulimtoa," alisema. Hakusema kwa ubaya. "Jibu unalo?"

Mama Mkubwa hakuwa nalo. Alikuwa amelitafuta miaka yote hiyo akiwa ameinamia shanga, na kila alipodhani amelipata, lilikuwa jibu la kumridhisha mtu mzima, si la mtoto. Alimpenda Binti kuliko alivyopenda pumzi yake, na swali hilo lilimwogopesha kuliko kunyamaza. Madamu alilijua hilo. Dada hujuana.

Wageni walikuja, wakakaa kwenye viti vya kuazima mbele ya nyumba. Mpiga picha yuleyule alikuja. Binti alitoka na gauni jeupe, alizeti kubwa kifuani. Kushoto kwake alisimama Madamu mwenye mkufu wa majani, na kulia fundi wa miwani aliyevalishwa konokono kwenye mfuko wa shati. Mama Mkubwa alisimama mwisho wa mstari, karibu na shemeji yake. Alikuwa amevaa nguo yake nzuri na hakuvaa pambo lolote. Ya kwake mwenyewe yalimtazama usoni karibu mno, yakamfanya aone haya.

"Binti, tazama huku," alisema mpiga picha.

"Natazama," alisema Binti.

"Unatazama pembeni."

Binti alirekebisha shingo, akashindwa, akacheka. Ua, majani na konokono navyo vilitazama mwisho wa mstari. Mgeni mmoja alisema familia hii wanafanana kweli kwa kugeuka. Watu walisubiri bila haraka, wakinong'ona habari za chakula.

"Dada," alisema Madamu, "hebu simama kule nyuma yake. Picha ikae vizuri. Ukimaliza utaingia na wewe."

Mama Mkubwa alitoka kwenye mstari, akavuka uwanja, akasimama nyuma ya mpiga picha. Na pale ndipo alipowaona wote kwa pamoja. Maua yote yalimtazama, na Binti alimtazama, uso mzima, bila kulazimishwa, anatabasamu. Mama Mkubwa alijikuta naye anatabasamu kwa nguvu, machozi yanamtoka, nyuma ya mgongo wa mtu.

"Huyu binti hata haambiwi," alisema mpiga picha, akabonyeza.

Kisha chakula kikawa tayari, wageni wakainuka pamoja, mpiga picha akapewa sahani, na ile picha ya pili haikupigwa. Mama Mkubwa alikuwa wa kwanza kuanza kupakua.

Jua lilipolegea Binti alikuja uani na sahani yake, akakaa kwenye kizingiti cha chumba. Mama Mkubwa alikuwa kwenye kiti chake. Madamu naye alifika kukusanya vikombe, akasimama navyo.

"Mama Mkubwa," alisema Binti, "maua nayaelewa. Wewe ndiye uliyeyatunga. Hata dukani kila mtu anajua, ila hawasemi. Lakini mimi je? Mbona na mimi nageuka?"

Mama Mkubwa alimtazama mdogo wake. Jibu lilikuwa la Madamu, lilikuwa limeahidiwa, na swali lenyewe lilikuwa limeletwa mpaka miguuni pake, halihitaji hata kutafutiwa mwanzo.

"Ni hewa, mwanangu," alisema Madamu. "Tangu mdogo ulipenda hewa ya uani."

Binti alibaki anamtazama Mama Mkubwa, ambako ndiko alikokuwa akitazama tangu mwanzo. "Eti?"

Kulikuwa na uzi kwenye mapaja ya Mama Mkubwa. Aliuokota, akautia mdomoni kuulowesha, na mtu mwenye uzi mdomoni haongei. Binti alisubiri. Mama Mkubwa aliulowesha mpaka ukalegea kabisa, hauwezi tena kuingia kwenye tundu la sindano yoyote.

"Ndiyo," alisema alipoutoa. "Hapa pana hewa nzuri."

Binti alimaliza kula. Aliosha sahani, akamshukuru kwa ua, akasema amemwona mdudu.

Picha ilitengenezewa fremu, ikatundikwa sebuleni. Siku ya kwanza walitazama mbele. Siku ya pili Mama Mkubwa alikwenda sokoni, na wote watatu ndani ya fremu wakatazama sokoni. Madamu aliihamisha kutoka ukuta mmoja hadi mwingine, msumari mdomoni, mpaka akapata ukuta ambapo, Mama Mkubwa akiwa amekaa kwenye kiti chake uani, familia nzima inamtazama mgeni usoni. Fundi wa miwani alipiga mstari kwa jicho, kutoka sebuleni kupitia mlango wa jikoni hadi uani, akaenda na chaki akaizungushia miguu ya kiti cha shemeji yake sakafuni. Siku iliyofuata alimletea miwani aliyoitengeneza mwenyewe, ya kuonea mbali. Hakusema ni ya nini. Mama Mkubwa aliivaa, akanyanyua kichwa, na kupitia milango yote miwili iliyokuwa wazi akaiona picha.

Binti alikwenda kusoma chuo katika mji mwingine. Alipiga simu jioni za mwisho wa wiki, na Madamu aliongea naye akiwa amesimama jikoni, mahali ambapo sauti ya simu ilifika hata uani.

"Mama, huku nako nalala nimegeuka," alisema Binti. "Miguu juu ya mto. Mwenzangu wa chumbani ananicheka. Nimewauliza kwetu ni upande gani, wakanionyesha upande huohuo."

"Ni hewa," alisema Madamu. "Wasalimie."

"Msalimie Mama Mkubwa."

"Amesikia," alisema Madamu, na ni kweli.

Wageni wa Madamu huketi sebuleni na kuisifu picha. Wanasema ni nadra kuona familia inayokutazama moja kwa moja namna ile, hasa binti, ana macho yasiyo na hila. Madamu huwashukuru, na anampenda binti yule, hakuna awezaye kusema hampendi.

Uani, mchana ukisogea, kivuli cha jiko huingia mezani na kufunika shanga. Juzi Mama Mkubwa alikuwa anatunga ua la mboga ya maboga, amefika kwenye fundo la mwisho, na haoni. Alinyanyua kiti akakisogeza kidogo kulia, kwenye mwanga.

"Dada!" Madamu aliita kutoka sebuleni, alikokuwa na wageni. "Kiti!"

Mama Mkubwa alikirudisha kwenye chaki.